Redio mbadala yenye kufuli la wizi: wakala, fundi wa chipu, namba za mtandaoni au redio ya Android?

Msafiri (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulinganisha njia, kwa sababu kila ninayemuuliza anaisifu ile anayoiuza.

Skrini ya redio ya gari langu, ile kubwa yenye ramani, simu na kamera ya kurudi nyuma, ilianza kwa kutoitikia kidole, kisha ikawa nyeusi kabisa. Nimenunua nyingine iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari la aina ileile, na namba ya kipuri inafanana na ya kwangu hadi herufi ya mwisho. Ilipofungwa iliwaka vizuri, menyu zote zikafunguka na kamera ikaonyesha, lakini spika zote ziko kimya, na kwenye skrini kuna ujumbe unaosema kwamba ulinzi wa kifaa umewashwa.

Nimeelezwa njia nne: kwenda kwa wakala wa kampuni, kumpa fundi anayesoma na kuandika chipu, kununua namba ya kufungulia kwenye tovuti, au kuachana na redio hii na kufunga ya Android. Risiti ya redio ninayo, na gari limesajiliwa kwa jina langu. Ninachotaka ni njia itakayodumu, si ile itakayonirudisha hapa baada ya muda mfupi.

Fundi wa Waya

Mkuu, hukutaja kampuni iliyotengeneza gari, kwa hiyo nitaeleza kwa upana. Kabla ya kulinganisha njia inafaa kujua siri ya kufuli imehifadhiwa wapi, maana hapo ndipo panapoamua njia ipi inawezekana na ipi ni maneno matupu.

Kufuli la kwanza ni la namba ya siri. Redio ikikatiwa umeme wa betri, ikirudishiwa inadai namba, mara nyingi yenye tarakimu 4 au 5, na siri yote imo ndani ya redio yenyewe. Haijali imefungwa kwenye gari gani. Honda ni mfano mzuri. Kwenye redio zake nyingi, ukishikilia vitufe vya 1 na 6 huku ukiiwasha, inakuonyesha namba yake ya utambulisho, na kampuni ina tovuti inayotoa namba ya siri kwa mtu anayeingiza namba hiyo pamoja na namba ya chasisi. Mwongozo wa magari hayo unasema ukikosea mara 10, uiache redio ikiwa imewashwa kwa saa 1 ndipo ujaribu tena. Katika redio nyingi za zamani za Renault, herufi moja na tarakimu 3 zilizo kwenye lebo zinatosha kukokotoa namba ya siri, na hesabu yake imejulikana kwa muda mrefu. Kwa kufuli la namna hii, muuza namba wa mtandaoni anaweza kuwa mkweli, ingawa mara nyingi anauza kitu ambacho mwenye gari angekipata kwenye kadi iliyokuja na kitabu cha gari.

Kufuli la pili hulinganisha utambulisho wa gari. Redio inaikumbuka namba ya chasisi, ile yenye herufi na tarakimu 17, na kila swichi inapowashwa inaisikiliza namba hiyo kwenye nyaya za mawasiliano za gari. Ikisikia namba ngeni inajifunga. Redio nyingi za General Motors zimejengwa hivyo. Uconnect, yaani redio ya skrini ya magari ya Chrysler, Dodge na Jeep, nayo inaweza kudai tarakimu 4 ikihamishiwa gari jingine.

Kufuli la tatu ndilo gumu. Katika kundi la Volkswagen, ikiwemo Audi, Skoda na SEAT, vifaa kadhaa vya gari, si redio peke yake, vimesajiliwa pamoja kwa ufunguo wa kificho. Redio ngeni haina ufunguo huo, wala haiwezi kuubahatisha; ni lazima iletewe kutoka kwenye hifadhidata ya kampuni kupitia mashine ya uchunguzi iliyounganishwa na intaneti. Hakuna mahali pa kubonyeza namba kwenye skrini, kwa sababu hakuna namba. Dalili ulizoeleza, yaani sauti kuzimwa huku menyu zikifanya kazi, pamoja na ujumbe huo, zinaonyesha kwamba uko katika kundi hili la tatu, kwa hiyo njia ya kununua namba kwenye tovuti iondoe kabisa kwenye orodha yako.

Bi Gereji

Nakubaliana na Fundi wa Waya, na ninaomba niongeze kuhusu wakala, kwa sababu watu wengi huenda pale bila maandalizi wakarudi wakilalamika.

Kazi yenyewe, mtandao ukiwa mzuri, si ndefu. Mashine ya uchunguzi inasoma utambulisho wa gari na wa redio, inaupeleka kwenye seva, na seva ikiridhika inarudisha ufunguo unaoandikwa ndani ya redio. Kinachokwamisha huwa ni mambo mengine. Kifaa kilichoripotiwa kuibwa kinaweza kukataliwa, na hapo fundi aliye mbele yako hana la kufanya. Wapo pia mawakala ambao kwa utaratibu wao hawashughuliki na vipuri vilivyotumika hata viwe na karatasi zote. Kwa hiyo usipige simu kuuliza kwa ujumla kama wanatengeneza redio. Uliza hivi: je, mnaweza kuondoa ulinzi kwenye kifaa kilichotumika chenye namba hii ya kipuri, kitakachofungwa kwenye gari lenye namba hii ya chasisi, na mkishindwa nitalipa nini? Chukua kadi ya usajili, kitambulisho, risiti ya redio, na umwombe aliyekuuzia akuandikie namba ya chasisi ya gari ilikotoka. Muuzaji asiyetaka kuitoa namba hiyo ameshakujibu.

Jambo jingine ni betri. Gari likikaa swichi ikiwa imewashwa wakati data inaandikwa, umeme unashuka, na umeme ukishuka katikati ya uandishi kifaa kinaweza kuharibika kabisa. Gereji makini huunganisha chaja maalumu kabla ya kuanza. Ukifika usiione, iulizie bila aibu.

Msidhani pia kwamba njia halali ni ya wakala peke yake. Umoja wa Ulaya una mpango uitwao SERMI, unaowaidhinisha mafundi huru kufikia taarifa za matengenezo zinazohusu usalama wa magari, na Marekani kuna NASTF, yenye daftari la wataalamu waliohakikiwa kwa kazi za aina hiyo. Fundi huru mwenye idhini anaweza kufanya mengi yanayofanywa na wakala kupitia mifumo ileile ya kampuni, na kazi yake ina sifa unayoitafuta: gari likifanyiwa masasisho baadaye, redio haijifungi tena, kwa kuwa imesajiliwa kweli.

Mwanaelektroniki

Naomba kuitetea kazi ya chipu, kwa sababu inasemwa vibaya kana kwamba ni ya wezi watupu.

Mteja halali huwa na vitu viwili ambavyo mwizi hana: redio ya zamani na gari lenyewe. Ikiwa redio ya zamani bado inasomeka, data ya utambulisho inaweza kuhamishwa kutoka bodi ya zamani kwenda bodi mpya, na gari likaendelea kuamini kwamba linazungumza na redio yake ileile. Hakuna kilichovunjwa hapo. Utambulisho umehama na mwenye nao. Kwenye redio za miaka ya nyuma data hiyo hukaa kwenye chipu ndogo ya miguu 8, na fundi mwenye mkono uliotulia huisoma, huhifadhi nakala mbili, huzilinganisha, ndipo aguse chipu ya redio ya pili. Fundi asiyehifadhi nakala ya asili kabla ya kuandika chochote usimpe redio yako, hata kama meza yake imejaa mashine.

Ila kwa uaminifu niseme mipaka yake. Katika vifaa vipya, kumbukumbu mara nyingi imefichwa kwa ufunguo uliofungamanishwa na prosesa, hivyo kuhamisha chipu moja hakusaidii kitu. Matoleo ya bodi na ya programu yanapaswa kulingana, na namba ya kipuri kufanana haitoshi kuthibitisha hilo. Halafu kuna joto: bodi hizi zina tabaka nyingi za shaba, na hewa ya moto ikielekezwa vibaya hung'oa vidoa vya kuunganishia, na kazi iliyokuwa ya data inageuka ya kutafuta njia zilizokatika. Kwa kufuli la pili alilolieleza Fundi wa Waya, ningeiweka njia hii sawa na ya wakala. Kwa kufuli la tatu, kwenye kifaa cha miaka ya karibuni, ningeiweka nyuma.

Mlinzi wa Data

Kuna njia ya tano ambayo Msafiri hakuitaja, lakini atakutana nayo: kuingiza programu iliyorekebishwa ambayo inairuka hatua ya ukaguzi. Kwa gharama na haraka inaonekana kuzishinda zote, na ndiyo maana nataka niipinge waziwazi. Kwanza, siku kifaa kitakaposasishwa kwa programu ya kampuni, marekebisho yanafutika na ukimya unarudi. Pili, redio hii inaunganishwa na simu yako. Inabeba majina ya unaowasiliana nao, orodha ya simu ulizopiga na anwani ya nyumbani kwako. Kuipa programu usiyojua imepikwa na nani ni kumkabidhi mgeni vitu hivyo vyote.

Hilo lina upande wa pili. Redio uliyonunua pengine bado ina data ya mwenyewe wa kwanza, kwa hiyo irejeshe kwenye mipangilio ya kiwandani kabla ya kuunganisha simu yako, na siku utakapoitoa ya kwako kwa mtu yeyote, ifute kwanza kama skrini inaruhusu.

Niseme pia kwamba msichanganye kufuli hili la tatu na SFD, ulinzi mwingine wa kundi la Volkswagen unaopatikana kwenye magari kama Golf ya kizazi cha 8. Ule unazuia mashine za uchunguzi kubadilisha mipangilio bila idhini ya seva. Gari jipya linaweza kuwa na vyote viwili, na fundi akikuambia amefungua kimoja, muulize kingine kikoje.

Dereva wa Usiku

Mimi nimefunga Android kwenye gari lenye waya wa kawaida wa spika, na nimeridhika. Lakini Msafiri aangalie kwanza kama gari lake lina amplifaya iliyounganishwa kwa nyaya za mwanga za mfumo wa MOST. Mfumo ule ni duara. Ukitoa kifaa kimoja bila kuunganisha pengo lake, duara zima linakatika na sauti inakufa. Unahitaji kisanduku cha kutafsiri mawasiliano, na bado vitufe vya usukani, picha za vihisi vya kuegeshea na menyu za mipangilio ya gari zinaweza kupotea. Kama gari lako huwekewa mipangilio kupitia skrini hiyo, kwa mfano taa au vihisi vya shinikizo la tairi, hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha za matangazo.

Msafiri

Nawashukuru sana. Wakala niliyempigia leo, kwa swali la Bi Gereji neno kwa neno, amesema hashughuliki na vifaa vilivyotumika. Amplifaya ya gari langu kweli ni ya nyaya za mwanga, kwa hiyo Android naiweka kando. Imebaki fundi huru mwenye idhini, au Mwanaelektroniki na wenzake. Redio ya zamani ninayo nyumbani.

Fundi wa Waya

Kabla hujamlipa yeyote, irudishe redio ya zamani kwenye gari kwa muda na unijibu mambo matatu. Je, sauti inatoka? Je, vitufe vya usukani vinabadilisha stesheni? Je, ukitazama skrini nyeusi kwa pembeni gizani, huku ukiimulika kwa tochi, unaona vivuli vya menyu?

Msafiri

Sauti inatoka vizuri na vitufe vya usukani vinafanya kazi. Nimemulika kwa tochi na naona maandishi hafifu sana ya stesheni, yanabadilika ninapobonyeza.

Fundi wa Waya

Basi bodi yako ni nzima, na bodi ndiyo yenye ufunguo. Kwa kawaida ulinzi huu haukai kwenye kioo. Unakaa kwenye bodi kuu. Kilichokufa kwako ni kioo cha kugusa na taa inayoangaza skrini kwa nyuma, na redio uliyonunua ina vyote viwili vikiwa vizima.

Katika baadhi ya magari skrini na kifaa kikuu ni visanduku viwili tofauti, na hapo unahamisha skrini peke yake. Kama ni kimoja, uso wa mbele hushikiliwa na skrubu na tepe nyembamba za mawasiliano zenye vifungio vidogo vya plastiki, ambavyo hunyanyuliwa kwa ukucha, si kwa bisibisi. Toa betri kwanza, gusa chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli utoke mwilini, piga picha kila tepe ilivyokaa, kisha uhamishie uso wa redio mpya kwenye bodi ya zamani. Linganisha pia namba zilizochapwa nyuma ya paneli mbili za skrini kabla ya kufunga, maana paneli za matoleo tofauti zinaweza kuonyesha picha iliyopinduka.

Mwanaelektroniki

Naunga mkono, ingawa ananinyima kazi niliyokuwa nimejiandaa kuitetea. Msafiri, bodi itakayobaki usiitupe wala usimuuzie mtu kama redio nzima; iandikie wazi kwamba imebaki bodi bila skrini, pamoja na namba ya chasisi ya gari ilikotoka.

Bi Gereji

Ukimaliza, kabla hujarudisha fremu za dashibodi, rudisha betri na ujaribu kwanza: sauti, kugusa pembe zote nne za skrini, kamera ya nyuma, simu. Fremu zile huvunjika masikio zikitolewa mara kwa mara.