Mjadala: Upasuaji wa urembo kwa walio chini ya miaka 18, sheria ikataze au waachiwe mzazi na daktari?

Mleta mada
Tangu Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, waanze upasuaji rekebishi wa matiti, tumbo na makalio mwaka 2023, swali la "na wa miaka 16 je?" haliishi. Msimamo wangu: chini ya 18 iwe marufuku, isipokuwa pana ugonjwa, ajali au kasoro ya kuzaliwa. Kule England, tangu tarehe 1 Oktoba 2021 ni kosa la jinai kumchoma aliye chini ya 18 sindano ya botoksi (ya kulegeza misuli) au fila (ya kujaza ngozi) kwa ajili ya urembo, hata mzazi akiridhia. Na hizo ni sindano tu, kisu bado. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua mtoto kuwa ni aliye chini ya 18. Tunasubiri nini?

Kisu na Nyuzi
Mkuu, 18 ni namba ya mahakamani, mwili hauijui. Kila kiungo kina saa yake.

Sikio linakaribia ukubwa wa utu uzima mtoto akiwa na miaka 5 au 6, kwa hiyo masikio yaliyochomoza hurekebishwa hata kabla ya darasa la kwanza. Mkato unapita nyuma ya sikio, gegedu inakunjwa na kushikiliwa kwa nyuzi zisizoyeyuka, kichwa kinafungwa bandeji, kisha mtoto analala na utepe wa kichwa kwa wiki kadhaa. Kinachoharibu kazi ni damu kuvilia chini ya ngozi. Mtoto akilalamika maumivu makali ya sikio moja baada ya upasuaji, bandeji ifunguliwe saa hiyohiyo. Ukimpa panado na kumwambia avumilie, gegedu inakosa damu na sikio linanyauka.

Pua ni tofauti. Msichana asubiri hadi miaka 15 au 16, mvulana 16 au 17, maana uso wa kati bado unakua. Ukiwahi, utarudi kupasua tena, na pua ya mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Mvulana mwenye uvimbe nyuma ya chuchu wakati wa kubalehe ndiye anayepasuliwa zaidi bila sababu. Kwa walio wengi uvimbe huo hupotea wenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Muulize dawa anazotumia, pima homoni ikibidi, subiri.

Bint Mvita
Dokta, umechagua masikio kwa sababu hayana ubishi. Matangazo ya mitandaoni hayawauzii mabinti masikio, yanawauzia makalio. Tuzungumzie hayo.

Mafuta hunyonywa tumboni na kiunoni, yakadungwa kwenye makalio. Mrija ukizama ndani ya msuli, mafuta yanaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa ya damu hadi moyoni na mapafuni, na mgonjwa akafia hapohapo mezani. Ripoti ya madaktari ya mwaka 2017 ilikadiria hadi kifo 1 katika upasuaji 3,000, kiasi cha kutisha kwa jambo la hiari. Ndiyo maana miongozo sasa inataka mafuta yabaki chini ya ngozi, juu ya msuli. Tena sehemu ya mafuta hayo hufyonzwa na mwili, na yaliyobaki hunenepa na kukonda pamoja na mwenyewe. Binti wa miaka 16 ambaye uzito wake haujatulia anajengewa umbo gani hasa?

Matiti ya bandia ndiyo kabisa. Marekani, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, FDA, imeidhinisha yaliyojazwa maji ya chumvi kwa kuongeza ukubwa kuanzia miaka 18, na ya silikoni kuanzia 22. Hayadumu maisha. Ya silikoni yanatakiwa kupigwa picha ya ultrasound au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekwa, kisha kila miaka 2 au 3. Mzazi anayelipia upasuaji leo, bili hiyo ya baadaye ameiweka kwa nani?

Ngozi Nyeusi
Mnabishana umri mkasahau kovu. Makovu yanayovimba na kutambaa nje ya kidonda, yaani keloidi, huwapata zaidi wenye ngozi nyeusi, na hasa kati ya miaka 10 na 30. Kifua, mabega na ndewe za masikio ndiyo makao yake. Kabla ya kuzungumzia bei, angalia kovu la chanjo ya BCG mkononi, angalia matundu ya hereni, uliza mama na shangazi. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine, mara nyingi inarudi, pengine kubwa kuliko ile ya mwanzo. Inahitaji sindano za triamsinoloni, dawa ya kusinyaza kovu, kila wiki 4 hadi 6 kwa miezi. Binti alikuja kutafuta urembo, akaondoka na ugonjwa mpya kifuani.

Kisu na Nyuzi
Hapo sina ubishi. Ila marufuku ya jumla ina mlango wa nyuma: chumba cha uani, mtu asiye na leseni na silikoni ya maji kwenye bomba la sindano. Ile ikishaingia inasambaa mwilini, haitoki yote hata ukipasua. Australia hawakukataza kabisa nchi nzima. Kwa upasuaji mkubwa wa urembo chini ya 18 wanataka miezi 3 ya kusubiri, na kabla ya upasuaji tathmini ya akili na mtaalamu asiye na maslahi kwenye upasuaji huo. Sababu ipo: ugonjwa wa kuuona mwili wako una kasoro ambayo wengine hawaioni huanza umri huohuo wa balehe, na kisu hakiutibu. Ukimaliza pua, anahamia kidevu.

Mleta mada
Masikio nimekuachia, na matiti makubwa mno yanayoumiza mgongo pia, mradi yawe yameacha kukua kwa mwaka mzima na binti aambiwe waziwazi kwamba huenda akashindwa kunyonyesha vizuri. Lakini huyo mwanasaikolojia wa tathmini, mtu wa Katavi atampata wapi? Na miezi 3 inahesabiwa kuanzia lini? Kama hospitali imeshapokea malipo ya awali, hiyo ni foleni tu. Labda sheria ianzie hapo: hakuna kupokea hata senti kabla ya siku ya 90.

Bint Mvita
Na hakuna tangazo lenye picha ya "kabla na baada" linalowalenga wanafunzi. Hilo halihitaji mwanasaikolojia.