Elki Colorado: .300, 6.5 au nini?

Sele_Denver: Wakuu, salaam. Nimepata leseni ya elki dume (yule kulungu mkubwa wa Marekani), msimu wa bunduki wa Oktoba, magharibi mwa Colorado. Kule mabonde ni wazi, mnyama unamwona ng'ambo yadi 500. Dukani wananisukumia bunduki ya .338 Lapua (namba na jina ni aina ya risasi inayotumia). Rafiki yangu ana 6.5 Creedmoor na anasema inatosha. Moyo wangu uko kwenye .300 Winchester Magnum. Nina kilo 66 na nimezoea shabaha za yadi 100 tu. Ninunue ipi?

Baba Neema (Craig, Colorado): Sele, hiyo Lapua iache hukohuko dukani. Ni silaha ya wadunguaji wa jeshi, nzito kupanda nayo mlimani, na risasi zake ni ghali kiasi kwamba utabana mazoezi. Elki anakufa mapafu yote mawili yakitobolewa, basi.

Sheria ya Colorado inaruhusu kuanzia kipenyo cha inchi .24 na risasi ya grain 85 (grain ni kipimo kidogo cha uzito wa risasi). Kwa dume wa kilo 300 mimi naona ni ndogo mno. Creedmoor ya grain 143 naikubali hadi yadi 350 hivi, mnyama akiwa amesimama ubavu. Ile .300 ina nguvu ya kupita hata kwenye mfupa wa bega, lakini teke lake ni kama mara mbili ya Creedmoor. Ukianza kufumba macho kabla ya kufyatua, nguvu yote hiyo ni bure.

Ningekuwa wewe ningechukua .30-06. Ipo tangu 1906, na risasi zake hazikosekani hata kwenye viduka vya miji midogo huku.

Mwindaji_Rungwa: Shikamoo Baba Neema. Huku Tanzania nyati hapigwi na chini ya .375. Kwa nini asiichukue hiyo?

Baba Neema (Craig): Marahaba. Nyati unampiga kwa karibu, unataka risasi nzito ipenye ngozi na misuli. Risasi hiyohiyo ukiitupa ng'ambo ya bonde inashuka haraka.

Sele_Denver: Na yadi 500 kwa .30-06?

Baba Neema (Craig): Hapana, mdogo wangu. Ukiirekebisha darubini ipige katikati kwenye yadi 200, grain 180 itakuwa imeshuka karibu futi 2 kwenye yadi 400. Hilo linapimika. Shida ni upepo: ule wa maili 10 kwa saa ukitoka ubavuni unaisogeza zaidi ya futi moja, na umeshatoka mapafuni umeingia tumboni. Elki wa tumbo anavuka vilima, anafia mahali ambapo hakuna atakayemkuta. Mimi hilo silivumilii.

Tundika sahani ya karatasi ya inchi 10. Usitumie meza: panda mbio kidogo mpaka moyo udunde, kaa chini, egemeza bunduki kwenye begi. Umbali ambao risasi zako 5 zote zinaingia ndani ya sahani, hapo ndipo mwisho wako. Ikiwa ni yadi 250, msogelee kwa kupitia korongoni, upepo ukikupiga usoni.