Wakuu naomba ushauri: niache kazi ya stoo nichore picha tu?

Mchora Nondo (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, mke na mtoto mmoja, naishi Mbagala, kazi yangu ni stoo ya vitenge Kariakoo. Tangu kipindi cha korona, kule kufungiwa ndani, nimepata shida ya wasiwasi. Ikifika tu saa moja jioni moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, nahisi lazima niwe ndani na mlango uwe na komeo. Nikiwa kwenye daladala nashuka popote.

Kinachonituliza ni kuchora. Nachora dirisha lenye nondo juu ya maboksi, kwa peni ya bluu, kila siku lile lile. Nabonyeza mpaka boksi linatoboka kwenye kona za nondo, wino unajaa pale unang'aa kama zambarau. Nikimaliza nalala vizuri.

Kuna mtu kaziona, kasema zina soko. Nataka kuacha kazi, nikodi fremu. Nianze na rangi gani na mtaji kiasi gani? Matusi sitaki.

Babu Brashi
Kijana, wino wa peni unapauka kwenye mwanga. Mteja ataning'iniza dirisha, baada ya muda abaki na boksi. Tafuta hardboard na rangi ya mafuta ya kopo, ndiyo aliyoanza nayo Edward Tingatinga mwenyewe. Ila biashara isikudanganye. 2020 watalii walipokatika, sisi wa Msasani tulikoma. Mimi nilipaka mageti ya watu Goba, na simba wangu walikaa ukutani mpaka mijusi ikataga nyuma yao. Kuna bosi mmoja wa geti hajanilipa mpaka leo, lakini hiyo ni mada nyingine.

Kijana wa Buza
Moyo wangu mimi unadunda mwenye nyumba akipiga simu. Nichore nini?

Mtumishi
Wasiwasi ni roho, ndugu yangu. Kuchora nondo kila siku ni kujifunga mwenyewe. Funga na kuomba, dirisha litafunguka.

Nesi wa Zamu
Mleta mada, umeshamuona daktari?

Mchora Nondo
Dada, hilo sidhani kama linahusiana na rangi.

Nesi wa Zamu
Linahusiana. Kuna dawa ulipewa?

Mchora Nondo
Haya. Nilienda, nikapewa vidonge, nikaambiwa niwe narudi kila mwezi. Mwezi uliopita nimeviacha. Kabla hamjanirukia: nikivimeza dirisha silioni. Nakaa na peni mkononi, naona boksi tu. Na fremu nimeshalipia miezi sita. Mke hajui, nitamwambia nikiuza ya kwanza. Kwa hiyo habari za dawa sijaja kuziuliza.

Mama Wawili
Hela ya miezi sita mke hajui!! Huyo ndiye mgonjwa mtarajiwa. Wangu alinunua bodaboda kimya kimya, nikaijua siku ilipoibiwa.

Nesi wa Zamu
Kaka, vidonge vingi vya aina hiyo havikatwi ghafla, vinapunguzwa kidogo kidogo. Ukikata mwenyewe, usingizi unaweza kupotea na wasiwasi ukarudi kwa kishindo. Mwambie daktari maneno hayo hayo, kwamba hulioni dirisha. Dozi inabadilishwa, hata dawa inabadilishwa. Kuchora endelea, hakuna anayekukataza.

Mwana Bagamoyo
Naunga mkono. Yayoi Kusama wa Japani, yule wa madoa na maboga, anaona vitu tangu utotoni. Tangu 1977 anaishi hospitali ya akili Tokyo kwa hiari yake, na studio yake iko jirani, akaendelea kuchora. Picha zake zinauzwa kwa mamilioni ya dola. Hakuchagua kati ya tiba na brashi.

Kijana wa Buza
Kwa hiyo jamaa ahamie Mirembe na kopo la rangi?

Inspekta Chai
Subirini kwanza, mnashauri hewa. Tanzania tulifungiwa ndani lini? Machi 2020 zilifungwa shule na vyuo, sisi wengine tulikuwa mtaani tunajifukiza nyungu. Saa moja jioni Kariakoo watu wanasukumana! Hii ni chai, tena haina hata tangawizi.

Mama Wawili
Eeh! Nami nilishtukia hapo.

Mchora Nondo
Nani kasema nilikuwa Tanzania? Nilikuwa Eastleigh, Nairobi, nauza vitambaa. Sikutaja kwa sababu kibali cha kazi sikuwa nacho. Wenzangu waliogopa korona, mimi niliogopa korona na polisi.

Mkenya Mpole
Naishi Nairobi, hapo hadanganyi. Kafyu ilianza 27 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mei Eastleigh ikafungwa kivyake, huingii hutoki. Juni kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku, na ilikuja kuondolewa Oktoba 2021.

Inspekta Chai
Kama ilisogezwa saa tatu, mbona moyo wake haukusogea?

Mchora Nondo
Uulize wenyewe.

Kijana wa Buza
Wakenya mlifungiwa, sisi tulikula bata.

Mkenya Mpole
Mlikula bata na nyungu. Tusianze hiyo.

Nesi wa Zamu
Jamani, mtu ameacha dawa, nyinyi mnabishana nchi. Kaka, Jumatatu kliniki.

Mchora Nondo
Jumatatu tunashusha kontena.

Nesi wa Zamu
Jumanne, basi. Nenda na mkeo, na hiyo risiti ya fremu aione.

Mchora Nondo
Kliniki nitafikiria. Risiti hapana.

Inspekta Chai
Tupia picha ya hilo dirisha nikuamini.

Mchora Nondo
Kamera ya simu yangu imepasuka.

Inspekta Chai
Hahahaa. Leteni vikombe.