Baada ya Idai: chanjo au mabomba?

Jongoo wa Mtwara: Naanzisha. Kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, usiku wa 14 Machi 2019. Tarehe 27 wakatangaza kipindupindu, mwanzoni mwa Aprili zikashuka dozi karibu 900,000 za chanjo. Nasema hela zile zingetengeneza mabomba. Kinga ya chanjo inaisha, bomba linabaki. Mnasemaje?

Kibopa: Nakuunga mkono mkuu. Mtu hana paa, hana unga, mnamfuata na sindano!

Nesi wa Zamu: Sindano ipi kaka? Chanjo ile inanywewa. Kichupa kimoja, unakunja uso, umemaliza. Wagonjwa walipita 6,000, waliokufa hawakufika kumi. Bomba utalifukia kwa wiki ngapi na mtu anaharisha leo?

Hamali: Halafu Jongoo, maji ya bomba Beira yalirudi kabla kipindupindu hakijatangazwa. Balaa lilikuwa visima na vyoo vya uswahilini, mafuriko yamevikoroga pamoja. Na dozi zilitoka akiba ya dunia, huwezi kwenda nazo dukani ukadai mabomba.

Kibopa: Nesi, waliopona waliokolewa na maji ya chumvi na sukari, si chanjo. Hayo bibi yangu anakoroga na hajasomea popote.

Nesi wa Zamu: Kumbe kazi yetu bibi anaiweza. Haya, nipe vipimo vyake.

Kibopa: Lita moja, sukari vijiko vitatu, chumvi viwili.

Nesi wa Zamu: Umeshaua mtoto. Sukari vijiko SITA vya chai, visawazishe, usijaze kilima. Chumvi NUSU kijiko. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chumvi ikizidi unamkausha zaidi.

Mama Rukia: Sisi kliniki tulifundishwa sukari vinane, mwanangu.

Kibopa: Si mnaona! Wenyewe hamuelewani halafu mnaringia vyeti.

Jongoo wa Mtwara: Jamani mimi niliuliza mabomba.

Makua Mweusi: Na kila siku Beira, Beira. Kimbunga Kenneth kilitupiga huku Cabo Delgado, kaskazini, 25 Aprili mwaka uleule, kipindupindu kikaingia Pemba. Pemba ya Msumbiji, kabla hamjaniuliza kuhusu Chake Chake. Na mnasahau wagonjwa wa kudumu. Sofala, mkoa wa Beira, wenye VVU ni wengi, mtu amepoteza vidonge na kadi kwenye maji, anaanzia wapi? Hospitali kuu ya Beira yenyewe iliezuliwa paa, vyumba vya upasuaji vikaharibika.

Hamali: Hilo la vidonge zito.

Kibopa: Zito, sawa. Ila nesi aniombe radhi, kaniita muuaji.

Nesi wa Zamu: Sikukuita muuaji, nimekuita uangalie chumvi. Umewahi kuona kitanda cha kipindupindu? Turubai lina tundu katikati, ndoo chini. Ndoo unaisoma kila saa ujue mgonjwa arudishiwe maji kiasi gani. Ukishaisoma usiku kucha ndiyo uje kuniambia habari za bibi.

Mama Rukia: Pole mwanangu. Lakini kijiko cha chai ni kile cha kukorogea au cha kulia wali?

Nesi wa Zamu: Cha kukorogea, mama. Kile kidogo.

Kibopa: Nimempigia bibi. Kasema yeye hatumii kijiko, chumvi anachota kwa vidole vitatu.

Nesi wa Zamu: Vidole vyake, au vyako wewe mbeba zege?