Jina Moja, Zawadi Moja

Dada Mkubwa, 19:02
Habari za jioni wapendwa. Wazee, shikamooni. Suala la zawadi za Krismasi tulimalize leo, wiki 3 si nyingi. Watu wazima tuko 14. Kila mmoja akimnunulia kila mwenzake ni 14 mara 13, zawadi 182! Nimehesabu mara 2. Hapo watoto bado. Naomba tuvute majina: mtu 1, jina 1, zawadi 1. Zinakuwa 14 basi. Anayekubali aandike NDIYO. Naanza mimi: NDIYO.

Dada Mkubwa, 19:31
Naona mmesoma watu 11. NDIYO ziko wapi?

Kitinda Mimba, 19:33
NDIYO. Nikivuta jina langu mwenyewe najinunulia pikipiki 😂

Baba Mdogo, 19:34
Na uifunge utepe 😂😂

Binamu, 19:34
Utepe wa mita ngapi jamani

Dada Mkubwa, 19:36
Anayejivuta mwenyewe anarudisha karatasi. Tafadhalini tuendelee.

Wifi, 19:52
Mimi NDIYO kwa moyo wote. Mkopo wa zawadi za mwaka jana tumemaliza kuulipa mwezi wa 6. Nilikuwa naficha, sitaki tena. Na kilichoniumiza zaidi si hela. Mwanangu alifungua bunda la 9, akaliweka chini bila kutazama kilichomo, akaninyooshea mkono: "Kingine." Ule mkono mpaka leo nauona.

Binamu, 19:58
Pole Wifi. NDIYO. Kuna mwanauchumi Mmarekani, Joel Waldfogel, mwaka 1993 alichapisha utafiti wa zawadi za Krismasi. Aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu vitu walivyopewa wao wanavithamini kiasi gani, akalinganisha na bei. Akakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na theluthi moja ya thamani inapotea, kwa sababu mnunuzi hajui mwenzake anataka nini.

Shangazi, 20:01
Na mapenzi aliyahesabu?

Binamu, 20:02
Hapana Shangazi, aliwaambia wayaweke pembeni.

Shangazi, 20:02
Basi kaacha lililo kubwa. Mimi mtu akinipa kitu nakumbuka mkono wake.

Mama Mdogo, 20:05
Marahaba wanangu. Mkono wangu mimi ulisahaulika. Kuvuta majina sikatai, lakini iwekwe sheria: zawadi ya mtu isihamishiwe kwa mwingine. Vikombe vyangu nilivikuta wapi, wanaojua wanajua.

Shangazi, 20:06
Tulishayaongea hayo.

Mama Mdogo, 20:07
Tuliyaongea. Kadi ilikuwa bado imo ndani, na mwandiko wangu.

Shangazi, 20:07
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Kitinda Mimba, 20:09
Pikipiki haiwezi kuhamishwa kimyakimya 😂

Dada Mkubwa, 20:09
Mdogo wangu, nyamaza.

Baba Mdogo, 20:15
NDIYO. Na zile karatasi za kung'aa tuziache. Mwaka jana gunia zima liliishia jalalani. Ikunje kwenye ngumi kisha uiachie. Ikifunguka yenyewe, mara nyingi ina plastiki, huwezi kuiweka na karatasi za kurejelezwa. Tufungie magazeti, au khanga.

Bibi, 20:41
🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

Binamu, 20:49
Kwa ambao hawawezi kusikiliza sasa hivi, Bibi anasema hivi: "Mwaka jana mlinipa mitandio 7. Shingo yangu ni moja. Kabati halifungi. Siku ile mlifungua mabunda tangu asubuhi, dawa yangu ya macho ya saa saba ikapita, nikaja kutiwa saa kumi na moja. Sikusema, nilisema moyoni ni sikukuu yao. Mwaka huu jina langu msilivute. Anayetaka kunipa kitu aje tukae, anitie matone, anisomee barua za babu yenu. Na hao wawili wa vikombe waje pamoja, siku moja."

Dada Mkubwa, 21:20
Tumekusikia Bibi. Tusamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa mabunda, na saa ilikuwa ukutani mbele yangu.

Wifi, 21:22
🙏🙏

Kaka Mkubwa, 22:47
Samahanini, ndio natoka kazini. Mimi zawadi za wote nilishanunua tangu mwezi wa 10, na nimezifunga kabisa. Sasa nifanyeje?

Dada Mkubwa, 22:49
Za wote 13? Risiti unazo?

Kaka Mkubwa, 22:55
Za baadhi. Nyingine muda wa kurudisha umepita. Nilizinunua kwa moyo dada, nisionekane nimekosea.

Dada Mkubwa, 22:58
Hujakosea. Tutaongea kwa simu. Wengine: bila Bibi tuko 13, NDIYO ni 5. Kiwango cha juu cha bei hatujakubaliana, na watoto bado. Kesho saa mbili usiku naomba mjibu.

Mama Mdogo, 23:04
Jumamosi matone ya saa saba nitamtia mimi.

Shangazi, 23:31
Ya jioni nitakuwepo.

Shemeji, 06:12
Habari za asubuhi. NDIYO. Ila watoto wangu msiwaingize kwenye mpango, nilishawaahidi.