Mliomeza vidonge vya majira mkiwa mabinti, mlipotaka mtoto ilikuwaje? Tupeane uzoefu (Moshi na Arusha)

Binti wa Kiborlon (mwanzisha mada), Moshi

Wapendwa, habari za jioni. Hii mada nimeiandika na kuifuta mara tatu. Leo naiweka.

Nilikuwa kidato cha tatu. Siku zangu zilikuwa zinakaa nane, tisa, damu nyingi na maumivu ya kunikunja. Asubuhi moja nikaanguka mstarini. Mama akanipeleka hospitali, nikapimwa, damu imeshuka. Nikapewa dawa ya kuongeza damu na vidonge vya majira. Mama alivificha kwenye kopo la majani ya chai akaniambia, "Mwanangu, hili tunalijua mimi na wewe tu." Aliogopa midomo ya watu. Nilimeza mpaka namaliza kidato cha nne, nikaacha, chuoni nikarudia, nikaendelea hadi nilipoolewa nikiwa na miaka 28.

Baada ya harusi nikaacha. Mwezi wa kwanza hedhi, wa pili hedhi, wa sita hedhi. Ikafika miezi 14. Desemba tukapanda kwetu Uru kusalimia wazazi, kihamba kimejaa watu, na kila anayenisalimia macho yanaanzia tumboni. Jioni tuko jikoni tunamenya ndizi za mtori, shangazi akasema mbele ya dada zangu wote: "Huyu kizazi kilishaungua. Vidonge kavilishwa tangu shuleni, vimejazana humo tumboni." Siri ile kumbe mama alikuwa ameshamtolea miaka mingi nyuma.

Mama akaweka kisu chini, akatoka. Nilimkuta mgombani analia. Akaniambia, "Nisamehe mwanangu, mimi ndiye niliyekufunga." Maneno ya shangazi niliyavumilia. Haya ya mama yalinivunja.

Januari tukaenda hospitali mimi na mume wangu. Daktari akasema tupime wote wawili. Mume wangu alisita wiki mbili, halafu akaenda. Mimi mirija wazi, mayai yanapevuka vizuri kila mwezi. Yeye mbegu chache, na mishipa ya korodani upande wa kushoto imevimba. Akafanyiwa upasuaji mdogo, na miezi minane baadaye nikashika mimba. Mtoto wetu sasa ana miaka minne.

Ila mama yangu alibeba lawama isiyo yake, na sisi tulipoteza zaidi ya mwaka kutafuta kosa mahali ambapo halikuwepo. Ndiyo maana nauliza. Wewe uliyeanza vidonge ukiwa binti, kwa hedhi au kwa kujikinga, ulipoacha ilikuwaje? Tusimulie yaliyotupata wenyewe. Ya kusikia tuyaache leo.

Mama wa Sakina, Arusha

Mimi langu fupi. Nilianza nikiwa na miaka 18, nikatumia miaka saba bila kupumzika. Niliacha Juni. Nikaambiwa na majirani nisubiri mwaka "mwili usafishike". Sikuiona hata hedhi ya pili, nikawa mjamzito. Wa pili vilevile, niliacha vidonge na ndani ya miezi mitatu nikawa tayari. Huo mwaka wa kusafisha mwili sijui ulitoka wapi.

Mwalimu wa Usa River

Pole sana Binti wa Kiborlon, na mpe pole mama.

Yangu ilikuwa tofauti kidogo na nadhani itamsaidia mtu. Tangu nivunje ungo hedhi yangu ilikuwa inakuja ikijisikia. Inakaa miezi miwili, mitatu, halafu inakuja. Nilikuwa na chunusi nyingi na nywele kidevuni ambazo zilinifanya nivae mtandio hata kwenye joto. Nikiwa na miaka 17 nikaandikiwa vidonge, na ghafla nikawa kama wenzangu: kila baada ya siku 28, tarehe inajulikana. Niliamini nimepona.

Nikaacha nikiwa na miaka 26. Ikapotea. Miezi minne hakuna kitu, mimba pia hakuna. Nikasema basi, vidonge vimeniua. Nilimchukia hata daktari aliyeniandikia.

Daktari mwingine, mama mtu mzima, aliniuliza swali moja tu ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kabla ya vidonge, siku zako zilikuwaje?" Nikamweleza. Akaninyamazia kidogo, kisha akasema, "Basi zimerudi pale ulipoziacha." Ikapigwa utrasaundi na vipimo vya homoni, ikaonekana ovari zina vifuko vidogo vidogo vingi, tatizo la homoni ambalo kitaalamu huitwa PCOS. Nilikuwa nalo tangu nikiwa msichana. Vidonge vilinipa hedhi ya kupangwa na tatizo likakaa chini yake kimya. Hayo niliyokuwa nayaona kila mwezi hayakuwa yai kupevuka, ilikuwa damu ya kukatika kwa homoni za pakiti.

Nilipunguza uzito kilo tisa, nikapewa dawa ya kupevusha yai, mzunguko wa tatu ukajibu. Hasira yangu ni moja: nilipokuwa na miaka 17 hakuna aliyenieleza kwamba vidonge vinapanga hedhi tu, chanzo kinabaki. Ningejua, nisingeishi miaka tisa nikidhani nimepona.

Muuza mitumba, soko la Kilombero, Arusha

Dada zangu, naomba tutenganishe vidonge na sindano. Mimi nilianza vidonge nikiwa na 19 baada ya mtoto wa kwanza, nikawa navisahau kwa sababu ya kuamka saa kumi kuwahi mabelo. Nikahamia sindano ya miezi mitatu. Nilipotaka mtoto wa pili nikaacha, hedhi ikakata moja kwa moja. Mwezi wa tano, wa saba, hakuna. Mume akaanza kuniangalia vingine. Mahali nilipochomewa hakuna aliyeniambia kwamba sindano inachelewa kuondoka mwilini. Mimba ilikuja mwezi wa kumi na moja tangu sindano ya mwisho. Miezi yote ile nililala na hofu, na maelezo ya dakika tano yangetosha kuniondolea.

Nesi mstaafu, Soweto, Moshi

Wanangu, hamjambo. Nimekaa kliniki ya mama na mtoto zaidi ya miaka 30, nawasoma hapa na roho inauma. Dada wa Kilombero amesema kweli. Baada ya sindano ya mwisho, kwa wastani inachukua kama miezi kumi mwanamke kushika mimba, na wengine huzidi hapo. Haiharibu kizazi, ila inachelewesha, na kila anayechomwa ana haki ya kuambiwa kabla ya sindano kuingia. Vijiti na kitanzi vikitolewa, uwezo unarudi haraka.

Sasa vidonge. Pakiti nyingi tulizokuwa tunagawa zina vidonge 28: 21 vina homoni, saba vya rangi ya kahawia ni madini ya chuma. Homoni zile zinauambia ubongo usiagize yai kupevuka, na zinafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito. Ndani ya siku chache za kuacha zinakuwa zimetoka. Lile la kujazana tumboni nililisikia kila wiki, na nilikuwa nawajibu hivi: kama vingejazana, mbona ukisahau vitatu tu unapata mimba? Wangapi wameniletea mimba za namna hiyo kliniki!

Na mayai hayaungui. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai kati ya milioni moja na mbili, akivunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na maisha yake yote yatakayopevuka ni kama 400. Yanapungua kwa umri, umeze vidonge usimeze. Kwa hiyo aliyeanza na miaka 16 akaacha na 36 anaweza kukuta kazi ngumu, lakini hapo kilichosogea ni miaka.

Kuna watafiti wa Ethiopia walikusanya tafiti 22 za wanawake 14,884 walioacha njia mbalimbali za uzazi wa mpango, wakachapisha mwaka 2018. Wanawake 83 katika kila 100 walishika mimba ndani ya miezi 12. Waliotumia muda mrefu hawakuachwa nyuma na waliotumia muda mfupi. Wale ambao mwaka unaisha bila kitu wapo, kama walivyo hata kwa wanawake ambao hawajawahi kumeza kidonge maishani. Ukiwa chini ya miaka 35, mwaka mmoja wa kujaribu ukipita nenda kapime. Ukiwa umevuka 35, usisubiri zaidi ya miezi sita. Na mwende wawili.

Hata P2, kile kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo, msiiogope kwa habari ya ugumba. Inachelewesha yai, basi. Ila ni ya dharura, ndani ya saa 72, na mapema ndiyo vizuri. Wasichana wanaoigeuza ya kila wiki hedhi inawavurugika na mimba bado wanaipata. Hao waende kliniki wapewe njia ya kawaida ya uzazi wa mpango.

Asiyetaka jina, Njiro

Nesi, shikamoo. Naomba niseme langu ingawa halijaisha.

Nilianza vidonge nikiwa na miaka 18 kwa sababu ya mchumba. Tulikubaliana kwamba nikishameza, kondomu za nini. Mimba sikupata kweli. Nikiwa chuo nilikuwa na maumivu chini ya kitovu na uchafu wenye harufu, nikanunua dawa za fangasi duka la dawa, yakatulia, yakarudi, nikanunua tena. Sikwenda kupima hata siku moja. Niliona aibu.

Sasa nina miaka 33, ndoa ina miaka minne. Mwaka jana nilipigwa ile picha ya mirija ya kuingiziwa dawa. Mmoja umeziba kabisa, wa pili unapitisha kwa shida. Daktari akasema ni makovu ya maambukizi ya zamani, huenda klamidia au kisonono ambayo haikutibiwa. Mume wangu amepimwa, yuko sawa.

Mama mkwe anajua nilimeza vidonge, kwa hiyo kwake jibu limeshapatikana. Na mimi, nakiri, nimemwacha aamini hivyo, maana kusema "vidonge" ni rahisi kuliko kusema ule ukweli mwingine. Kidonge kilinikinga mimba. Hakikuahidi kunikinga na ugonjwa. Nasoma huu uzi nikiwa sebuleni taa zimezimwa. Tunaweka akiba ya upandikizaji wa mimba, bado kiasi kikubwa. Niombeeni.

Binti wa Kiborlon

Asiyetaka jina, nimesoma mara mbili na nimelia. Ulikuwa binti wa miaka 18 na hakuna aliyekaa chini nawe kukueleza. Ukiwa tayari niandikie pembeni, usikae na hili peke yako gizani.

Baba wa Ngaramtoni

Nipite kidogo kama mwanaume. Mke wangu alipelekwa kwa waganga watatu na hospitali mbili kabla mimi sijaingia maabara hata mara moja. Kipimo cha mbegu hakiumi. Unakaa siku mbili hadi saba bila kukutana na mkeo, unatoa sampuli, unasubiri majibu. Tatizo lilikuwa kwangu. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yangu mzazi, kwa sababu mbele ya mama yangu ndipo alipokuwa anasemwa. Kaka zangu, nendeni.

Mama Wawili, Majengo, Moshi

Jamani nimefuatilia tangu juzi. Binti yangu ana miaka 16. Hedhi inamlaza siku tatu kila mwezi, anakosa shule, juzi amepimwa damu iko chini. Kituo cha afya wamenishauri vidonge. Dada yangu kaniambia nikimpa nitakuja kukosa wajukuu. Nesi, Binti wa Kiborlon, mngekuwa mimi mngefanya nini?

Nesi mstaafu, Soweto, Moshi

Mama Wawili, wajukuu hawatazuiwa na vidonge hivyo. Ila mwende pamoja na mseme kila kitu. Waambie kama kwenu kuna historia ya damu kuganda miguuni. Kama kichwa kinamuuma upande mmoja huku anaona vimulimuli, sema. Apimwe presha. Kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu au za kifafa, sema pia, kuna zinazopunguza nguvu ya vidonge. Na umuulize daktari chanzo cha hiyo damu nyingi, usikubali kuondoka na pakiti tu.

Binti wa Kiborlon

Mama Wawili, la Nesi lizingatie. Langu mimi ni dogo. Kabla hajameza cha kwanza, andikeni siku zake zilivyo: zinaanza lini, zinaisha lini, anabadilisha pedi ngapi. Mwalimu wa Usa River ametuonyesha swali ambalo binti yako ataulizwa siku moja, awe na jibu. Na usivifiche kwenye kopo. Mimi nilikua nikijua nina kitu cha kuficha, na siku shangazi aliposema, sikuwa na neno la kumjibu kwa sababu hata mimi nilikuwa namwamini.

Nimemsomea mama huu uzi wote jana jioni. Lile la kusahau vitatu na kupata mimba aliniomba nilirudie. Halafu akauliza, "Huyo nesi yuko Soweto gani?"

Mama Wawili, Majengo, Moshi

Asanteni sana. Jumanne tunaenda kliniki, baba yake ametoa ruhusa na nauli. Daftari nimeshanunua. Tumekaa jikoni, akaandika mwenyewe tarehe ya mwezi huu, akaniuliza kama aandike na maumivu. Nikamwambia andika yote.