Yule jamaa wa "niko ndani ya kampuni" leo amenimaliza

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka. Simtaji jina, wote mnamjua.

Miezi saba naandika draiva huria (programu ya wazi kwa wote ya kuendesha kifaa) ya kile kidude cha WiFi cha kuchomeka kwenye USB. Miezi saba! Nakesha na usbmon, ile zana ya Linux ya kuchungulia yanayopita kwenye USB, nanasa pakiti za data, rejista (vijisehemu vya kumbukumbu vya kukiamuru kifaa) moja moja naiandika kwenye daftari, sasa daftari limenenepa kuliko Biblia ya mchungaji. Jana nikasema kwenye kundi nimekwama kwenye kuwasha redio ya ndani ya kidude, ile ya kurusha mawimbi. Jamaa fasta: "cheki hii." Faili la kodi, yaani maandishi ya programu, kwa lugha ya C. Nikafungua, nikasoma. Nimefika mstari wa 212 ndipo anaandika:

"Hiyo ya ofisini, we badilisha majina tu, nani atajua?"

Mstari wa 212! Kumbe onyo la juu, lile la siri ya kampuni, alishalifuta kabla ya kunitumia. BADILISHA MAJINA TU. Yaani uibe ng'ombe, umwite Mwajuma, basi si wa jirani tena?

Macho yangu yameshaona. Nikiandika ile sehemu hata kwa akili yangu mwenyewe, nani ataamini sikunakili? Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux, hawapokei kodi ya mtu aliyewahi kuona kodi ya Windows. Kwenye kerneli, kile kiini cha Linux, unaweka mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, unathibitisha una haki ya kutoa unachotoa. Niweke jina langu kwenye uongo? Mpaka mstari wa 212 ananiangalia tu!

Kibuyu_Kitupu: Pole. Ila mkuu, mistari 212 hukujiuliza jamaa kaitoa wapi? Ulidhani kaota?

fundi_wa_kona: Hahaha alikuwa anaifurahia huyu.

Mama_Seva: Acheni kumcheka. Mkuu, kampuni ya Compaq walipoiga BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 waligawa watu: hawa wanasoma na kuandika maelezo, wale ambao hawajaona kitu ndio wanaandika kodi. Wewe andika maelezo, mpe mwingine.

Mwenye uzi: Dada, ile kodi IBM waliichapisha wenyewe kwenye kitabu chao cha kiufundi. Hii imetoka ofisini kwa mlango wa nyuma. Hata maelezo yake siyagusi. Nimemwachia mwenzangu ile sehemu, aanze na pakiti zangu za kabla ya jana. Faili hajaliona na hataliona.

Kibuyu_Kitupu: Mtumie tu, aishie mstari wa 211.

ruta_ya_bibi: Afadhali nyie mnaogopa leseni. Ruta yangu ndani ni Linux, GPL kabisa, leseni inayowataka watoe kodi, naiomba mwaka wa pili, wananijibu "zima, subiri, washa."

fundi_wa_kona: Na umezima?

ruta_ya_bibi: Nimezima mpaka swichi imelegea!

Mzee_Printa: Ruta ni nini. Printa yangu haichapi nyeusi eti njano imeisha. Nachapa barua ya kijiji, njano ya nini?

Mama_Seva: Yangu pia! Ilianza nilipokubali iji-update.

Mwenye uzi: Jamani. Alinyamaza mpaka mstari wa 212.

Mzee_Printa: Mama Seva, ni ile ya katriji nne au mbili?